Chuo hakina sare: majibu ya maswali yenu kuhusu nguo za darasani

Msimu wa kuripoti vyuoni umekaribia, na barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: ukishavua sare ya sekondari, unavaa nini? Maswali yanayofanana tumeyaunganisha. Majibu yanahusu vyuo vya Tanzania, bara na Zanzibar. Aliyeko Kenya au Uganda atachukua yanayomfaa.

Natokea Tanga, nimepangiwa Dodoma. Nibebe nguo ngapi, na za namna gani? Nyumbani sina hata sweta. (Mvulana wa mwaka wa kwanza, Tanga)

Idadi ya nguo ifuate siku ya kufua. Wanaoishi hosteli wengi hufua Jumamosi, na maji yakikatika kazi inasogea mpaka katikati ya wiki. Kwa hiyo nguo za juu ziwe nane: mashati manne, fulana za kola mbili, tisheti mbili. Chini suruali tatu zinatosha, jinzi moja ya bluu iliyokolea na kadeti mbili, nyeusi na ya kaki. Suruali huvumilia kuvaliwa mara mbili tatu kabla ya kuingia kwenye ndoo, shati halivumilii. Ongeza boksa nane, singlendi nne, soksi jozi sita na mkanda mweusi. Viatu ni jozi mbili, raba na vya ngozi vya kufunga, pamoja na ndala za bafuni.

Dada zako wanaotuuliza hilo hilo wafuate hesabu ile ile: sketi mbili zinazopita goti, suruali mbili, magauni mawili, blauzi sita, skintaiti mbili, gagulo jeusi na lingine la rangi ya mwili. Khanga doti mbili kwa kawaida hazimo kwenye orodha za watu, ila ndizo zitakazofanya kazi kuliko chochote kingine begini, kuanzia safari ya bafuni hadi kujitanda unapoitwa nje usiku.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kavu, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi yenye upepo. Sweta moja na koti jepesi la kuzuia upepo vinakutosha. Adui wako mkubwa ni vumbi. Raba nyeupe itakuwa nyekundu kabla ya wiki kuisha, na kadeti ya rangi ya maziwa utaifua kila siku. Chagua kaki, kijivu, bluu na kijani kilichokolea. Usisahau mafuta ya mgando, maana midomo na visigino vya mtu wa pwani hupasuka kule.

Na usimalize pesa zote kabla ya kufika. Vaa ulivyonavyo wiki mbili za kwanza, uone wenzako wa kitivo chako wanavaaje, ndipo uende sokoni.

Bumu (pesa ya mkopo wa chuo) likitoka nataka kununua nguo za mitumba, lakini kila mara nafika nyumbani nakuta kasoro. Naangaliaje? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dar es Salaam)

Hili ndilo swali lililoulizwa na wengi kuliko yote, kwa hiyo tutalikalia.

Kwanza jua nguo inafikaje mbele yako. Mfanyabiashara hununua belo lililofungwa, mengi yakiwa ya kilo 45 hivi, bila kujua kilichomo ndani zaidi ya aina: mashati ya kiume, sketi, jinzi. Akilifungua anachambua. Nzuri zinatundikwa kwenye henga, za kati zinakunjwa mezani, zilizobaki zinamwagwa kwenye turubai na kuuzwa kwa bei moja. Unaponunua kwenye henga unalipia macho ya yule aliyechambua. Kwenye turubai unatumia macho yako mwenyewe, na kama una saa moja ya kuinama, kule ndiko thamani iliko, hasa mashati na kadeti. Nenda asubuhi siku belo linapofunguliwa. Kila muuzaji wa soko la Karume ana siku zake, muulize tu atakuambia.

Ukishika nguo, usianze na sehemu ya mbele ambayo kila mtu anaiangalia. Igeuze ndani nje, kisha fuata njia hii: kwapa, kola, pindo, zipu, kati ya miguu. Kwapa lililokuwa gumu kama limepakwa wanga lina jasho la zamani lililoganda pamoja na dawa ya kwapa, na mara nyingi halitoki. Kola iliyochanika kwenye mkunjo haishoneki ikakaa vizuri. Suruali iinue kwenye mwanga uangalie sehemu ya mapaja yanaposuguana. Ukiona mwanga unapenya zaidi kuliko kwenye goti, kitambaa kimekwisha na kitatoboka ndani ya miezi michache, hata kama kwa nje bado kina rangi. Zipu ifungue na kuifunga mara tatu. Nguo ya kuvutika ivute karibu na sikio; ikilia mchakacho mdogo mdogo, nyuzi za lastiki zimekatika na sehemu ya magoti italegea na kutuna.

Madoa yana tabia zake. Wino na kutu usiviamini. Doa la mafuta ya kupikia, yaani alama yenye kiza kidogo na isiyo na ukingo mkali, hutoka ukilipaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kuliacha nusu saa kabla ya kufua.

Kipimo sasa. Lebo za Ulaya na Marekani hazifanani: gauni la 12 la Uingereza ni 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya. Jinzi ina namba mbili, ya kwanza kiuno kwa inchi, ya pili urefu wa ndani wa mguu. Kama huwezi kujaribu, funga kifungo cha suruali, lalisha kiuno chake, kisha kizungushie shingoni. Ncha mbili zikikutana nyuma ya shingo bila kuvuta, kiuno kitakuenea. Kipimo hiki hudanganya mtu mwenye nyonga pana, huyo apime nyonga kwa futi ya fundi. Koti na shati vichaguliwe kwa mabega: mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Fundi anaweza kupunguza mbavu, mikono na urefu kwa bei ndogo, lakini bega la koti ni kulifumua lote, na wengi hulirudisha likiwa limepinda. Kiuno cha suruali kinapunguzwa kwa mshono wa nyuma hadi inchi 2. Ukizidisha, mifuko ya nyuma husogeleana mpaka ikakaribia kugusana.

Viatu vya mitumba vina ugonjwa wao. Soli nyepesi laini zilizokaa stoo miaka mingi huoza kwa unyevu wa hewa huku juu kiatu kikionekana kipya. Bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ikibonyea na kubaki na alama, ikinata au ikimeguka unga, kiache. Ikiwa imara, kunja kiatu uangalie gundi ilipoungana, kisha kabla hujakivaa mpe fundi viatu ashone soli pande zote. Gundi ya Ulaya haikutengenezwa kwa lami ya Desemba ya Dar es Salaam.

Ukifika chumbani, loweka kila nguo peke yake kwa nusu saa katika maji ya baridi yenye sabuni ya unga. Peke yake, kwa sababu hujui ipi inatoa rangi. Fua, suuza, na kwenye suuzo la mwisho tia nusu kikombe cha siki kwa lita 10 za maji ili harufu ya stoo ipungue. Anika juani ikiwa ndani nje, kisha piga pasi pande zote mbili ukikazia mishono. Wadudu wa upele hufa kwenye joto la nyuzi 50 kwa dakika 10, na pasi inafika zaidi ya hapo. Nguo isiyostahimili pasi ifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima kabla ya kuifua. Nguo za ndani nunua mpya. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ilishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, hata ukizikuta zimetundikwa.

Nimezuiwa getini mara mbili na sketi ambayo nyumbani kila mtu anaiona ya heshima. Wanapima nini hasa? (Mwanafunzi wa kike, Morogoro)

Miongozo ya mavazi ya vyuo vyetu inafanana kwa mengi inayokataza: kimini, nguo inayoonyesha mwili, topu inayoacha tumbo au kifua, nguo ya kubana sana, pensi na suruali ya mlegezo, ambayo vijana huiita kata K. Baadhi ya vyuo huongeza jinzi zilizotoboka, hereni kwa wanaume na fulana zenye maandishi ya matusi. Soma mwongozo wa chuo chako, kwa kawaida umo kwenye kijitabu ulichopewa siku ya usajili na kwenye bango getini. Tuseme ukweli, mabango hayo yana mistari mingi kwa wasichana na michache kwa wavulana, na anayetafsiri maneno kama “kubana” ni mlinzi wa zamu. Leo utapita, kesho utarudishwa.

Sketi yako huenda inafika gotini ukiwa umesimama. Ukikaa inapanda inchi 3 hadi 4, na mlinzi amekwisha kuona wengi wakikaa. Jipime chumbani kabla ya kutoka: kaa kwenye kiti cha chini, inua mikono yote miwili kama unaandika juu ubaoni, inama kuokota kalamu, kisha simama dirishani mwanga ukiwa nyuma yako. Sketi ikibaki inafunika goti ulipokaa, blauzi isipopanda juu ya kiuno, na umbo la miguu lisipoonekana kwenye mwanga, hakuna mlango utakaokusumbua. Kwa sketi nyembamba ya ofisi, urefu wa inchi 4 chini ya goti ndio salama. Mpasuo wa nyuma uishie chini ya mkunjo wa goti, na fundi apige mshono wa kukaza pale juu, maana ndipo unapochanika ukipanda daladala kwa haraka.

Nguo inayopenya mwanga haihitaji kutupwa. Gagulo la rangi ya mwili ndilo dawa. Jeupe chini ya nguo nyeupe huonekana zaidi, jambo linalowashangaza wengi. Na mtandio mmoja mwepesi uwe begini siku zote. Umewaokoa wengi getini.

Kwa wavulana wanaouliza kuhusu mlegezo: mara nyingi tatizo ni suruali iliyonunuliwa ikiwa kubwa kwa inchi 4. Mkanda ukikaza suruali ya namna hiyo, kiuno kinajikunja kama mdomo wa gunia. Peleka kwa fundi, au nunua kipimo chako.

As-salaam alaykum. Binti yangu anasomea maabara ya tiba. Anavaa hijabu na sketi ndefu. Je, ni salama, na koti linunuliwe la namna gani? (Mzazi, Kigoma)

Wa alaykum salaam, mzazi wetu. Ni salama, kwa masharti matatu.

Kitambaa cha kichwani kiwe cha pamba na kifupi, ncha zake ziingizwe ndani ya kola ya koti na kubanwa. Mtandio wa polyesta unaopepea ndio hatari, kwa sababu ukishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kama hajui kitambaa ni cha nini, achomoe uzi mmoja na kuuchoma nje, mbali na nguo. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Polyesta hujikunja na kuacha punje nyeusi ngumu.

Sketi ikae juu ya kifundo cha mguu, isifagie sakafu inayoweza kumwagikiwa na dawa. Viatu viwe vya kufunika mguu wote, na si raba za nyavu, ambazo hunyonya tone kabla hujalihisi.

Koti liwe la pamba au lenye pamba nyingi, lifike magotini, lenye mikono mirefu inayofungika kwenye kifundo cha mkono. Vifungo vya kubana vina faida, linavuliwa kwa kuvuta mara moja. Mnunulie linaloingia juu ya sweta. Afue koti peke yake, asilivae kantini wala kwenye daladala. Asishangae tundu zikitokea baada ya kufua koti lililoonekana zima: tone la asidi ya salfa iliyozimuliwa hukauka maji, asidi inabaki na nguvu zaidi, inakula pamba polepole, na uzi uliokwisha kuliwa hutoka kwenye ndoo. Akihisi tone, asuuze palepale kwa maji mengi.

Nataka shati la kitenge la kuvaa Ijumaa darasani. La kwanza lilirudi kwapa, halifungiki tena. Fundi alikosea? (Mwanafunzi, Mwanza)

Inawezekana fundi hana kosa. Kitenge cha pamba kikiwa kipya kina ugumu wa kiwandani, na kikifuliwa mara ya kwanza hurudi asilimia 3 hadi 5. Kwenye kifua cha sentimita 108, hizo ni sentimita 3 hadi 5 zilizopotea, na vifungo vinaanza kuvutana.

Nunua yadi 2 na nusu kwa shati la mikono mifupi la mtu wa kati. Yadi moja ni sentimita 91, na kitenge cha kawaida kina upana wa inchi 45 hivi. Kama kina maua makubwa yanayotakiwa kukutana kifuani, ongeza nusu yadi. Kabla ya kwenda kwa fundi, kiloweke katika maji matupu ya baridi usiku kucha, usikikamue kwa kukisokota, kianike kivulini, kipige pasi. Ndipo kikatwe. Usimwachie fundi kazi hiyo, maana wengi hukubali halafu wakakata kikiwa kikavu.

Watu hutia chumvi au siki kwenye ndoo ili “kukaza rangi”. Kwa vitenge na khanga za siku hizi haisaidii. Rangi inayotoka ni ile ya ziada iliyobaki juu ya uzi, na dawa yake ni kufua peke yake mara mbili tatu kwa maji baridi hadi maji yawe meupe. Khanga nayo usiivae mpya kwa mara ya kwanza siku ya jasho jingi, utarudi na shingo nyekundu.

Ijumaa ndiyo siku vyuo vingi hulegeza. Waislamu wengi huja na kanzu tayari kwa sala ya mchana, wengine na kitenge. Kitenge chenye rangi tatu hivi kivae na suruali ya rangi moja iliyomo kwenye kitambaa. Kitenge juu na chini ni vazi la harusi, si la kipindi cha saa mbili.

Dera linaruhusiwa darasani? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Mara nyingi linapita getini, kwa sababu ni refu na pana. Darasani ndipo lina mjadala. Kwa mazoea ya pwani dera ni vazi la nyumbani na la shughuli, kwa hiyo wahadhiri wengine humwona aliyelivaa kama aliyetoka kitandani. Kwenye majadiliano ya usiku, kantini na dukani halina neno. Ukilivaa darasani, vaa gagulo, na mtandio uliouziwa nalo ujifunge vizuri, usiachie begani. Pindo lipunguzwe mpaka lisikanyagwe kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara.

Mimi ni Mkristo kutoka Mwanza, nimepata chuo Unguja. Nitalazimika kuvaa baibui?

Kwa kawaida hapana, ila angalia mwongozo wa chuo chako. Mazoea ya mji ni kufunika mabega, mikono angalau hadi kiwiko, na miguu kupita goti, nguo ikiwa imelegea. Mwezi wa Ramadhani ongeza uangalifu, na mtandio uwe karibu. Wasio Waislamu wengine huchagua baibui wenyewe kwa urahisi wake: chini yake unavaa chochote cha pamba na asubuhi huna la kufikiria. Likiwa hivyo, chagua krepu nyepesi, na pindo lipimwe ukiwa umevaa viatu, sentimita 2 juu ya ardhi. Likiburuta, unyevu wa barabara utapanda mpaka kwenye shavu la mguu.

Mbeya ni baridi kweli au watu wanatutisha? (Mwanafunzi, Mtwara)

Ni kweli, hasa Juni na Julai, asubuhi joto linaposhuka chini ya nyuzi 10. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Koti moja zito si suluhisho, kwa sababu saa sita mchana jua linatoka na utalibeba mkononi. Vaa tabaka: singlendi ya pamba, shati, sweta jembamba, koti la upepo. Sweta la sufu kutoka mitumbani linashinda mara mbili lile la nyuzi za plastiki, ila lifue kwa maji baridi bila kusugua na ulikaushe likiwa limelazwa. Maji ya moto hulifanya la mtoto wa miaka sita. Viatu vya wazi viache Mtwara.

Mashati yangu meupe yamekuwa ya njano kwapani, na mengine yote yamefifia kuwa kijivu tangu nihamie Dodoma. Jik imezidisha.

Hayo ni matatizo mawili. Njano ya kwapa hutokana na jasho likikutana na chumvi za aluminiamu zilizomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Dawa ya klorini kama Jik haiiondoi na mara nyingi huizidisha. Kwenye lastiki inaharibu uzi pia. Nunua hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 duka la dawa. Changanya vijiko vikubwa viwili vyake na kimoja cha soda ya kupikia, tia tone la sabuni ya vyombo. Paka, acha dakika 30, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Rudia mara moja kama bado. Kwa shati jeupe tu, la rangi litachujuka. Kuanzia sasa dawa ya kwapa ikauke kabla hujavaa.

Ule ukijivu ni maji. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvichumvi nyingi, na sabuni ya mche ikikutana nayo hutengeneza ukoko unaobaki ndani ya nyuzi. Tumia sabuni ya unga, na suuza mara tatu, suuzo la mwisho likiwa na nusu kikombe cha siki kwenye ndoo. Siki na Jik zisikutane kamwe ndoo moja, mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Siku ya prezentesheni tunaambiwa “vaa rasmi”. Suti sina.

Suti nzima si lazima. Kadeti au tetroni nyeusi, shati jeupe au la samawati lililopigwa pasi, viatu vilivyong’arishwa: inatosha kwa kazi nyingi. Msichana avae sketi au suruali ya kitambaa na blauzi yenye kola. Wa sheria ndio hawana njia ya mkato, mahakama ya mfano hutaka suti nyeusi na shati jeupe.

Chumba cha watu wanne kinaweza kununua koti moja jeusi la mitumba, mradi mabega yenu yalingane. Likiwa na uzi wa alama ya X kwenye mpasuo wa nyuma, ukate. Uliwekwa ili koti lisijikunje safarini, na bado tunaona watu wakihutubia nao. Lebo iliyoshonwa nje ya mkono ing’oe pia. Koti la vifungo viwili hufungwa cha juu tu. Tai iishie kwenye bizimu ya mkanda.

Je, ni kweli zamani serikali iliwahi kuingilia mavazi ya wanafunzi? Tunabishana hosteli.

Ilikuwa zaidi ya wanafunzi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, uliamua kupiga vita vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, utekelezaji ukianza 1 Januari 1969. Ndiyo Operesheni Vijana. Kabla hata ya tarehe hiyo wanawake walishambuliwa na vijana mitaa ya Kariakoo, magazeti yakajaa barua za kuunga mkono na kupinga, na wanachuo wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa miongoni mwa waliobishana.

Mavazi ya chuo yenyewe yalikuwa mengine. Makerere, iliyokuwa pamoja na Nairobi na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuanzia 1963 hadi 1970, ilijulikana kwa majoho mekundu ya wanafunzi. Wa Dar es Salaam nao walivaa majoho walipoandamana tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza. Kisha ikaja enzi ya Kaunda suti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa haba kupatikana, na biashara ya nje ilipolegezwa kuanzia 1984 mitumba ikamwagika. Jinzi, tisheti na raba mnazoziona leo kwenye kila ngazi ya ukumbi wa mihadhara zilipitia mlango huo.

Ndala darasani?

Hapana. Makobazi ya ngozi yenye kamba ya nyuma yanakubalika vyuo vingi vya pwani. Ndala ni za bafuni.

Hosteli yetu imekataza pasi chumbani. Tunaishije?

Chumba cha pasi kama kipo, nenda Jumapili alfajiri. Kama hakipo, nunua mashati ya pamba iliyochanganywa na polyesta, yale yenye lebo ya 65 kwa 35, yaani polyesta asilimia 65 na pamba 35. Pamba tupu bila pasi itakuaibisha. Usikamue kwa kusokota. Kung’uta shati mara tano sita likiwa bado na maji, vuta mishono ya pembeni na ya mikono iwe mirefu, kisha lianike kwenye henga badala ya kulikunja juu ya kamba. Kadeti ifuatishe mstari wake wa katikati, ibane miguuni kwa vibanio, ining’inie kichwa chini ili uzito wa kiuno uinyooshe. Anikeni juani na juu, si kwenye nyasi wala kivulini, kwa sababu kuna inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Pasi ndiyo iliyokuwa ikiwaua. Kifungo cha juu cha shati kiwe kimefungwa linapokauka, na kola igeuzwe mapema, kabla kitambaa hakijashika umbo.